Mawimbi ya Lambo na Kibuyu cha Mama

Enzi zetu, sisi tuliokulia kijiji cha ujamaa karibu na Ikungi, sayansi ilitukuta popote, hata lamboni, miguu mitupu na mikono bado inanuka mlenda wa mchana.

Nilikuwa darasa la sita. Jioni moja nilikwenda kuchota maji na shoga yangu Zaituni. Tukaanza kumwagiana maji, tukacheka hadi mbavu zikauma, na kibuyu cha mama kikaniponyoka. Upepo wetu wa Singida mnaujua: ukakisukuma hadi katikati, kisha ukatulia kama haujafanya kitu. Kuogelea hatukujua. Na kibuyu chenyewe mama alipewa na bibi siku ya harusi yake.

"Tutupe mawe," Zaituni akasema. "Mawimbi yatakisukuma ng'ambo."

Tukatupa. Mawimbi yakatanuka, duara baada ya duara, yakakifikia, yakakipita. Kibuyu kikapanda, kikashuka, palepale. Nikaanza kulia.

Mwalimu wetu wa sayansi alikuwa anapita na baiskeli yake.

"Shikamoo mwalimu," tukasema, mimi kwa kwikwi.

"Marahaba. Mnalipiga mawe lambo, limewakosea nini?"

Tulipomweleza alicheka sana. "Tazameni. Pale maji yanapoinuka ni kilele, yanapobonyea ni bonde. Kilele hadi kilele ndio urefu wa wimbi. Wimbi linabeba nishati tu, maji hayaendi nalo. Ndiyo maana kibuyu kinacheza bila kusafiri."

Akatupa jiwe kubwa, kibuyu kikaruka juu zaidi. Zaituni akatupa vijiwe harakaharaka, vilele vikasongamana. Akasahau kabisa shida yangu!

"Sasa mwalimu, mama atanifanya nini?"

Mwalimu akamtuma Zaituni shamba la shule kuleta kamba za ng'ombe wa jembe. Tukaziunganisha. Mwalimu akashika ncha moja ukingo huu, sisi nyingine ukingo ule, tukatembea huku kamba ikikikokota kibuyu hadi kwenye tope, kizima. Tulipiga vigelegele mpaka mbuzi wakakimbia.

Nyumbani mama alinitazama nilivyolowa. "Ulikuwa wapi?"

"Nasoma, mama."

"Kwenye maji?" Nikamsimulia yote. Akacheka mpaka akakaa chini.

Leo wajukuu wangu wanayatazama mawimbi kwenye simu, wanayachora kwa rula na kupata vema zote. Nawasifu, maana mimi sikupata vema nyingi hivyo. Ila wakirudi kutoka shule nguo zao ni kavu, na hapo huwaonea huruma kidogo.