Alama ya Kuuliza Mbele ya Jina la Mjane

Nilikuwamo ofisini tangu mlango ulipofunguliwa hadi orodha ilipotiwa saini, hayo nayathibitisha. Kwamba shemeji wa yule mjane alikwisha kulitafutia mnunuzi shamba la mjane huyo, hilo nililisikia kwa watu wawili ambao nao walilisikia, na sitalitegemea.

Mimi ni mwalimu mstaafu, na kijiji kilinipa ukatibu wa kamati ya ardhi. Tulipoorodhesha mashamba ya kupimwa, niliweka sharti moja: kila jina ambalo mipaka yake sikuikanyaga kwa miguu yangu litiwe alama ya kuuliza. Mwenye alama hapimiwi. Mjane mmoja wa hapa Mpapura alikuwa nayo, kwa kuwa shemeji yake, mkazi wa Mtawanya, alidai kwamba marehemu alimwachia yeye mikorosho ile. Siku mbili kabla ya upimaji nilizunguka mpaka wote na majirani wanne. Niliyaona mawe, niliuona ua wa minyaa, na wote wanne walimtaja mjane. Alama yake ilipaswa kufutwa, pamoja na nyingine kadhaa nilizokwisha kuzihakiki. Nilitaka zote zifutwe mbele ya watu, nisije nikaambiwa nimempendelea mmoja.

Siku ilipofika, wapimaji walikuwa nje, garini. Mkubwa wao alisema wazi: orodha isipotoka kabla ya adhuhuri, wanakwenda Nanyamba.

Karani, binti mwepesi wa vidole, aliandika alama ya kuuliza katika kisanduku cha kutafutia. Kompyuta ikaionyesha orodha nzima, mstari kwa mstari.

“Mwalimu, wote wana alama.”

“Sikuwatia wote.”

Shemeji alikuwa ameegemea dirisha. “Basi kijiji kizima kimetiliwa shaka. Kompyuta haina undugu na mtu, mwalimu.”

“Ngoja zamu yako, shemeji,” mjane, aliyesimama mbele ya meza ya karani, alimjibu bila kugeuka. “Hata mazikoni ulifika wali ukipakuliwa.”

Karani akasema afadhali azifute zote kwa mpigo, kisha wanaostahili warudishiwe kwa mkono. Kabla sijamkataza alikuwa amekwisha kubonyeza. Majina yakatoweka, na namba za viwanja pia. Vikabaki visanduku vitupu.

“Umehifadhi?” nilimuuliza.

“Bado.”

“Usiguse kitu kingine. Rudi hatua moja nyuma, moja tu.”

Mjane alishika ukingo wa meza. Majina yalirejea, lakini sikuridhika kwa kuyaona tu. Nilimtaka karani ayasome, nami nikayalinganisha na daftari langu. Dereva alipiga honi. Tuliendelea kusoma hadi jina la mwisho.

Ndipo karani alipotafuta maelezo katika simu yake. Akasoma kwamba katika kisanduku kile alama ya kuuliza husimama badala ya herufi yoyote moja. Kwa hiyo kila neno lilikuwa jibu, na kila herufi ilikuwa ya kufutwa. Anayeitafuta alama yenyewe hana budi kuitangulizia kistari kilichopinda kama wimbi dogo.

“Hayo umeyasoma,” nilisema. “Hatujayaona.”

Nilimwagiza afungue ukurasa mtupu, aandike neno korosho mara mbili, moja likiwa na alama na jingine bila. Akatafuta kwa kile kistari na alama. Likatokea lenye alama peke yake. Nikamwambia arudie. Likatokea lile lile.

Tukarudi kwenye orodha. Zilitokea alama tisa, idadi ile ile ya daftari langu. Tulipofika kwenye jina la mjane, shemeji alisogea mezani.

“Mwalimu, inajulikana kwamba marehemu alinipa mimi.”

“Inajulikana na nani?”

“Watu wanasema.”

“Wewe mwenyewe ulimsikia marehemu akitamka?”

Alimtazama mjane, kisha akatazama sakafu. “Nilielezwa.”

“Futa,” nilimwambia karani.

Alama sita zilifutwa na tatu zikabaki, moja ikiwa ya mpwa wangu, ambaye mpaka wake sijaufikia. Orodha ilichapishwa. Niliisoma tena, nikatia saini, na mjane akaandika jina lake polepole, herufi moja moja.

Mkubwa wa wapimaji alimpisha akae mbele, karibu na dereva, awaonyeshe njia. Nilisimama mlangoni nikaliona gari likikata kona ya shule, likishika njia ya shambani kwake.