Kindi wa Mwisho wa Reli

Jumamosi, Septemba. Rasharasha hadi saa nne, kisha jua.

Leo nilimpeleka binti yangu Hjulsta, mwisho wa reli, kuona ghorofa nililokulia. Tukiwa njiani kindi akakatiza na mbegu mdomoni, nami nikacheka peke yangu. Ngoja nikueleze, rafiki yangu.

Kwenye nyumba ya chini kabisa ya ghorofa hilo, inayopakana na msitu, aliishi jirani tuliyemwita Malenga. Alitoka Tanga kuja kusoma, akabaki. Msitu ule haukuwa na mtu wa kuutungia kwa Kiswahili, basi akautungia yeye: theluji, uyoga, hata kunguru wa mapipa ya taka. Kama yalikuwa mashairi mazuri sijui, shule yangu ni ndogo. Ila sauti alikuwa nayo, nisimdhulumu.

Kwao, alisema, malenga akitunga, mwenzake humjibu kwa vina vilevile. "Lisilojibiwa ni yatima." Hapa nani amjibu? Sisi watoto tulimjibu Kiswidi, akashika kichwa. Msimu mzima wa kuchuma beri msituni, vidole vyetu vimekuwa vya zambarau, alikuwa na hili tu:

*Kindi wahangaikia, nini huko msituni?*
*Mbegu unazofukia, utazikumbuka lini?*

Jioni moja akasema basi, anaacha kutunga, amechoka kuongea na miti.

Bibi yangu, Mrundi, alikuwa akichambua beri kwenye beseni. Kila siku alimtania kwamba Kiswahili chake kina mapambo kama keki ya harusi. Hakuinua hata kichwa:

*Nikisahau, sikia, zitaota udongoni.*

Malenga aliruka, beseni nusura limwagike. "Mama we! Umenijibu!"

"Nimekujibu unyamaze, bwana. Chambua beri."

Hakunyamaza. Wala bibi. Tangu siku hiyo walirushiana beti, yeye dirishani, bibi kwenye roshani, na sisi chini tukishangilia kama mpirani.

Wote wawili wametutoka. Dirisha lina mapazia mengine. Beti nyingine zimenipotea, na hizi pengine nimezipindisha.

Kwenye treni nilimghania binti ubeti wa kindi, swali tu. Akaniuliza kwa Kiswidi, kama kawaida yake, kindi akisahau itakuwaje. Nikamwambia, jibu wewe. Akageukia dirisha.

Jioni tumekula ugali, dagaa na mchicha. Katikati ya kula akasimamisha tonge.

"Mama," akasema, kwa Kiswahili, "si zitaota tu?"

Nikamwongezea dagaa.