Safu ya Hakuna Mtu

Watoto wa darasa la pili walimwita Mwalimu Vizibo, naye hakuudhika. Alikuwa na ndoo kuukuu ya rangi iliyojaa vizibo vya soda, vimeoshwa na kukaushwa, na kwa ndoo hiyo alifundisha grafu miaka yake yote ya kazi. Wenzake walichora mistari ubaoni, watoto wakanakili wasichokielewa. Yeye alisukuma madawati ukutani, akachora safu sakafuni kwa chaki, kisha akasema, "Leo tunataka kujua darasa hili linapenda mnyama gani. Tusibahatishe. Tuulizane."

Basi watoto walizunguka na madaftari, wanaulizana, kila jibu linaandikwa kijiti kimoja, na cha tano kinalazwa juu ya vinne kama komeo la mlango. Wakimaliza, kila mmoja analeta kizibo chake na kukipanga kwenye safu yake. Ng'ombe. Paka. Sungura. Kuna mwaka mtoto mmoja alichagua nyoka, darasa likaangua kicheko. Mwalimu akanyanyua mkono. "Jibu la mtu halichekwi. Mtu hasemewi na mwenzake. Anachosema..."

"Ndicho tunachoandika!" Kila darasa alilolifundisha lilijua kumalizia.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, akishonea katika chumba cha mbele cha nyumba yao. Walijaliwa binti mmoja tu, akazaliwa mdogo mno hata mama yake akasema, "Huyu hata si mtoto, ni kifungo." Jina likamganda. Kifungo alipofika darasa la pili, shule ilikuwa na darasa la pili moja tu, na mwalimu wake alikuwa baba yake.

Hapo ndipo mtu huyu mwema alipopotea njia. Aliogopa midomo ya watu. Mwalimu mwenzake alikuwa amesemwa hadi akahama, eti anambeba mwanawe kwenye mitihani, na yeye akaapa kwamba hilo halitamkuta. Asubuhi ya kufungua shule alimwita binti yake jikoni.

"Mwanangu, tukiwa shuleni mimi si baba. Ni mwalimu. Umenielewa?"

"Ndiyo, baba."

"Ndiyo nani?"

Mtoto akacheka. "Ndiyo, mwalimu!"

Akampapasa kichwa, wote wawili wakiona ni mchezo. Lakini mchezo ule ulikuwa na meno. Kifungo akinyoosha mkono, alichaguliwa wa mwisho au asichaguliwe kabisa. Daftari lake lilisahihishwa kwa ukali zaidi kuliko ya wenzake. Nyumbani, meza ilifunikwa na madaftari ya watoto wa watu, na yeye akija na swali lake baba alimwambia, "Nikikufundisha huku, wenzako watasemaje? Subiri kesho, uliza darasani." Kesho darasani mkono wake haukuonekana.

"Baba Kifungo," mkewe alimwuliza siku moja, mguu haujatoka kwenye cherehani, "huyu mtoto ni wetu, au amepanga chumba hapa?"

"Mama, watu wana macho."

"Kwani yeye hana?"

Mwalimu alicheka, akachukua daftari jingine.

Siku yenyewe ilikuja na wageni. Mwalimu mkuu aliwaleta wazazi wa kamati ya shule waone namna watoto wadogo wanavyokusanya takwimu, wakaketi nyuma kwenye viti vya ofisini. Swali la siku lilitoka kwa msichana aliyeitwa Kasuku, ambaye jina lake lilimtosha. Aliuliza: nyumbani, nani hukusaidia kazi za shule? Mwalimu akalisifu sana. Akachora safu: mama, baba, kaka au dada, bibi au babu, na mwisho kabisa, hakuna mtu.

Watoto wakaulizana, wakaandika vijiti, wakapanga vizibo. Zamu ya Kifungo ilipofika, alichuchumaa akaweka chake kwenye safu ya hakuna mtu. Tena hakukitupa tu. Alikisogeza kwa kidole hadi kikakaa sawa na mstari, kama alivyofundishwa.

Nyuma mtu akakohoa. Mama mmoja akamnong'oneza jirani yake, "Si ndiye wa kwake huyu?"

Mwalimu aliona masikio yake yanawaka moto. Akainama, akakiokota kile kizibo, akakihamishia safu ya baba.

"Huyu amechanganya safu," akawaambia wageni, anatabasamu. "Huyu ni mtani wangu."

"Mwalimu!" Kasuku alikwisha kusimama. "Mtu hasemewi na mwenzake! Anachosema..."

"Ndicho tunachoandika!" darasa zima likaitikia kwa mazoea.

Wageni wakacheka na kupiga makofi, wakidhani ni sehemu ya somo. Mwalimu angeweza kuinama tena. Haikuwa kazi kubwa, hatua mbili tu. Badala yake akasema, "Vizuri sana. Sasa tuhesabu." Safu ya baba ikaipita ya bibi au babu kwa kizibo kimoja. Kifungo akaandika hesabu daftarini kama ilivyosomwa, akapata alama ya vyema.

Jioni mwalimu alimkuta amekaa chini karibu na cherehani, anaokota nyuzi. Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima.

"Kifungo."

"Naam, mwalimu."

Akasubiri acheke. Hakucheka, wala hakuwa amenuna. Aliitika tu, kama mtoto yeyote wa darasa la pili anavyoitika. Mwalimu akajiambia ni hasira za kitoto, zitapoa zenyewe.

"Basi, endelea na kazi yako," akasema.

Neno baba halikurudi tena. Binti alikua mpole, mwenye adabu, asiye na shida na mtu. Alisomea ufundi wa friji, jambo lililomshangaza mama yake: "Mimi nashona, mwanangu anagandisha!" Alipoleta mchumba nyumbani, alisema, "Huyu ni mama, na huyu ni mwalimu." Wakwe waliona ni familia yenye heshima ya pekee. Mwalimu akacheka nao, kisha akatoka nje akasimama ukutani kwa muda, akisingizia joto.

Husemwa majuto ni mjukuu. Yeye alipostaafu alikuwa na wajukuu wawili na majuto yake yapo palepale. Mkewe ndiye aliyemsukuma. "Nenda kamwambie. Mimi nimechoka kushona na jambo hili chumbani."

Alimkuta binti kwenye karakana yake, amepiga magoti nyuma ya friji kubwa ya duka, spana mkononi. Akamweleza yote akiwa amesimama: wageni, swali la Kasuku, ile safu, kile kizibo. Binti alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakunja uso kama mtu anayetafuta kitu mfukoni.

"Kizibo gani, mwalimu?"

"Nilichokihamisha."

"Sikikumbuki. Kweli kabisa." Akafuta mikono kwa kitambaa. "Ninachokumbuka ni mvua. Tulitoka nyumbani pamoja chini ya mwavuli wako. Tukifika kona ya shule unaniambia, tangulia, wasituone tunaingia pamoja. Natangulia. Nafika nimelowa chapachapa, halafu wewe unaingia mkavu, unaniuliza mbele ya darasa, mbona umelowa?"

Mwalimu alifungua mdomo kukataa. Hakulikumbuka kamwe jambo hilo. Kisha mwavuli wenyewe ukamjia, mweusi, una ubavu mmoja uliovunjika, na mgongo mdogo wenye sare ukikimbia mbele yake kwenye matope. Miaka yote alikuwa akijutia kosa moja, na kumbe hata hilo hakulijua vizuri.

"Ulinijibu nini?" akauliza.

"Nilisema nimechelewa kuamka."

"Nisamehe, mwanangu."

"Yameisha, mwalimu," alisema kwa upole, naye mwalimu alijua ni upole wa mtu mwenye kazi mkononi. "Hebu nishikie tochi hapo. Hapana, chini kidogo."

Akashika tochi mpaka bolti ya mwisho ikakazwa.

Siku hizi huenda kwake karibu kila Jumapili. Hupokewa vizuri, huwekewa kiti kizuri na chai ya moto. Wajukuu humrukia wakimwita babu. Mama yao humwita mwalimu, naye huitika.