Mama mkwe aliniambia bei ziko pale pale, nikafurahi

Admin, ukiiweka hii nifichie jina, maana ndugu wa mume wangu wengi wamo humu. Nina miaka 31, nimeolewa, nina mtoto mmoja, naishi Tabora mjini na nafanya vibarua vya utafiti. Silali vizuri wala chakula hakipiti. Kila nikikaa peke yangu namsikia marehemu mama mkwe akinijibu maswali.

Miezi michache iliyopita tulipewa maswali kuhusu kupanda kwa bei. Yalikuwa yatumwe kwa watu wayajibu wenyewe kwenye simu, kwa hiyo ilibidi kwanza tuyajaribu ana kwa ana tuone kama yanaeleweka. Unamsomea mtu swali, unamwomba awaze kwa sauti, unamrekodi. Kumsahihisha au kumshauri hakuruhusiwi. Mimi nilikuwa nimepungukiwa mtu mzima mmoja, nikaenda kijijini Kigwa kwa mama mkwe.

Nikamsomea: ukilinganisha na mwaka jana, bei za vitu unavyonunua zimepanda, zimeshuka au ziko pale pale? Akasema, "Ziko pale pale." Nikashangaa, maana sukari tu ilikuwa imetutoa jasho. Nikamuuliza nilivyofundishwa, "Mama, hapo umewaza nini?"

Akacheka. "Nimewaza dawa zangu za presha. Mwaka jana natoa elfu kumi, mwaka huu elfu kumi ile ile. Ila zamani wananipa za mwezi, siku hizi za nusu mwezi. Basi leo nameza, kesho napumzika." Halafu akanishika mkono. "Hili lisifike kwa mwanangu, ataanza kuhangaika bure."

Mnajua nilifanya nini? Nilifurahi. Nilikuwa nimelinasa kosa la swali: watu wanahesabu hela waliyotoa, hawahesabu walichorudi nacho. Nikaandika ripoti siku hiyo hiyo, bosi akanisifu mbele ya wenzangu, swali likabadilishwa. Kuhusu dawa sikufanya lolote. Siku hizi najitetea kwamba niliahidi siri na kazi inakataza, lakini ni uongo mtupu. Nilisahau tu.

Wiki sita baadaye alianguka jikoni, hakuamka tena. Mimi si daktari, siwezi kuapa ni kule kuruka dawa. Ila ndugu hawataki kusikia habari za presha. Wanasema amerogwa na mama mdogo, mdogo wake wa tumbo moja, mjane aliyekuwa akiishi naye, eti kwa sababu ndiye aliyempikia uji asubuhi ile. Mume wangu, mtu wa kanisani kila Jumapili, naye kaingia humo humo. Jumamosi wanamfukuza kwenye nyumba, na kuna vijana wa ukoo wanaoongea maneno nisiyoweza kuyaandika hapa. Naogopa watamuua.

Rekodi ninayo. Lakini mume wangu akiisikia ataniuliza nilijua tangu lini, na sidhani kama ndoa itabaki.

Jana mama mdogo alinipigia. Nikamwamkia, hata marahaba hakuitikia. "Mwanangu, wewe ulikuja ukakaa na dada mkaongea. Alikwambia anaumwa nini? Waambie, wewe watakusikiliza."

Nikamjibu, "Mama, mimi hakuniambia kitu." Akasema ahsante.

Nitukaneni mkimaliza, nastahili. Ila kwanza niambieni nifanye nini, na msichelewe. Leo ni Alhamisi.