Popo wa Aina Moja

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kituo cha utafiti wa wanyamapori, nilikaripiwa hata kabla sijaonyeshwa pa kuketi. Nilikuta popo amenasa wavuni, nikamshika kwa mkono mtupu ili nionekane shujaa, akaning'ata kidole. Mkuu wa Kituo, mtu mfupi aliyevaa kofia ya pama hata ndani ya nyumba, hakupaza sauti. "Kijana, popo hakamatwi kwa ushujaa. Anakamatwa kwa glavu na chanjo." Nikaoshwa jeraha kwa sabuni, nikapelekwa hospitali kuchomwa sindano za kichaa cha mbwa. Nilirudi nimenywea.

Ndivyo nilivyoingia katika kazi ya kuorodhesha aina za popo, na sehemu kubwa ya kazi hiyo niliifanya hapa kwetu Songwe. Ninyi vijana mna vifaa vinavyonasa milio ambayo sikio la mtu halisikii. Sisi tulitegemea nyavu nyembamba, tukazitandaza mbele ya pango jua linapozama. Kila popo tulimtia kwenye mfuko wa kitambaa, tukampima uzito, kisha tukaupima mfuko peke yake na kutoa. Tulipima mfupa wa mkono, kutoka kiwiko hadi kifundo, kwa sababu popo wawili wanaofanana kama mapacha huweza kutofautishwa na mfupa huo. Tulikagua pua pia: wengine wana kunjo la ngozi lenye umbo la kwato, wengine pua tupu. Kabla ya kumwachia tulimkata manyoya kidogo mgongoni, asije akahesabiwa mara mbili. Na Mkuu wa Kituo alikuwa na sheria moja aliyoirudia mpaka ikachosha: "Usichokishika, usikiandike."

Pango nililolijua kuliko yote lilikuwa kwenye kilima kimoja juu ya kijiji cha Ruanda. Shamba lililopakana nalo lilikuwa la mkulima wa kahawa, Mama Tumaini. Aliniletea chai ya rangi na kunifundisha mambo ambayo kituoni hawakuyajua. "Baba, hawa kila mmoja ana saa yake," aliniambia. "Wadogo wanatangulia. Wale wa masikio makubwa wanatoka mwisho, tena wanakula nondo wa mahindi yangu." Nilitega nyavu kwa saa zake, na mwishowe daftari langu likawa na aina tisa, zote nimezishika.

Mkuu wa Kituo alipostaafu tukaletewa Afisa Mfawidhi, mtu wa mezani. Wakati huo Tunduma malori yalikuwa yamejazana barabarani yakingoja kuvuka mpaka kwenda Nakonde, na mkandarasi alitaka kilima chetu kwa ajili ya kokoto za uwanja wa kuegesha. Tukapewa fomu ya ukaguzi. Ndege walikuwa na kurasa mbili. Popo walipewa mstari mmoja: wapo au hawapo, aina ngapi. Nikaandika tisa, nikaibana fomu pamoja na orodha ya majina yao.

Afisa Mfawidhi akaibandua orodha. "Bwana, popo ni popo. Ukiandika tisa watataka wataalamu waje, na malori yanasubiri."

"Daftari linasema tisa, Afisa."

"Daftari halina muhuri. Fomu ndiyo yenye muhuri."

Akanipa fomu mpya. Nikaandika moja, nikatia sahihi. Nimejaribu kujitetea kwamba nilikuwa nimebakiza miaka miwili nistaafu, lakini ukweli ni kwamba hakunitishia hata kidogo. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Mtu mzima, mwenye daftari mkononi, nilikuwa bendera, na upepo wenyewe ulikuwa hafifu.

Walipolipua kilima nilikwenda kutazama. Nilimkuta Mama Tumaini akipangusa vumbi kwenye majani ya kahawa kwa kanga yake. Akaniuliza, "Baba, lakini wale popo mliwaandika?"

"Tuliwaandika," nikasema.

Akanishukuru. Alisema basi hata wakipotea, watakuwa wamejulikana.

Nimestaafu na heshima zangu zote, na cheti ukutani. Nakasirika nikikisoma. Nawakasirikia waliobuni fomu inayompa mnyama mstari mmoja, na wakubwa wanaopenda muhuri kuliko macho, na zaidi ya wote nalikasirikia jina langu lililokaa chini ya uongo kwa mwandiko mzuri. Mtu akiniambia "yameshapita, mzee," namwonyesha shimo lililobaki pale kilimani.

Mwezi uliopita alikuja binti mmoja anayesomea wanyamapori. Anataka kuandika juu ya popo wote wa mkoa huu, na alikuwa ameikuta fomu yetu kwenye majalada. Akaiweka mezani kwangu kwa adabu.

"Babu, sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Hapa umeandika aina moja, lakini hukutaja jina. Ilikuwa aina ipi?"

Niliingia chumbani nikamletea daftari, lenye tisa zote, mifupa na uzito na pua zao. Alilifungua, akasoma, akainua macho.

"Na hii moja ya kwenye fomu, Babu?"

"Hiyo," nikamwambia, "sijawahi kuishika."