Ukuta wa Mama Pacha

Shangazi yangu hawezi kupita penye vumbi akanyamaza. Ana miaka kumi na tisa anasafisha ofisi za watu, na mtaani wanamwita Bi Pangusa, kwa kuwa ukimkaribisha kwako, kabla hajaketi ameshapitisha kiganja kwenye kiti. Hakuna aliyemchukia kwa hilo. Penye msiba au ugonjwa, yeye hufika wa kwanza na ndoo yake, na huondoka wa mwisho.

Jumamosi moja asubuhi, pikapu iliyopakia mabomba ilishindwa kukata kona, ikaingia sebuleni kwa Mama Pacha, fundi cherehani, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Wala haikupiga hodi. Ukuta wa mbele ulilala chini, meza ya kushonea ikawa kuni, na Baba Pacha, aliyekuwa anakunywa chai yake, akavunjika mguu. Mama Pacha alipanda naye gari la wagonjwa, pacha wake wakiwa wamemng'ang'ania gauni, mmoja huku, mmoja huku.

Askari wa barabarani alichora mistari ya chaki sakafuni. Pikapu ilipovutwa, akamwambia shangazi, "Mama, msiguse kitu hapa. Watu wa bima watakuja kuona."

"Sawa, mwanangu."

Askari hajafika hata njia panda, shangazi ameshafunga kanga kiunoni. Nikamkumbusha.

"Nimesikia, sina pamba masikioni," akasema. "Lakini mwanamke atoke hospitali aje akute damu ya mumewe sakafuni? Bima wanataka kuona tundu. Tundu nitalifagia liende wapi?"

Basi mtaa mzima ukaamka, na mimi nikiwemo. Matofali mazima tukayapanga kando. Vipande tukavitia kwenye mashimo ya barabara, na kila aliyepita akatusifu kwa akili hiyo. Fundi mwashi akayang'oa matofali yaliyokuwa yananing'inia, yasije yakawaangukia watoto, kisha akanyoosha kingo za tundu kwa patasi. Rangi ya bluu ambayo pikapu iliacha ukutani, shangazi aliisugua kwa brashi ya waya mpaka ikaisha. Chaki ya askari akaipigia deki. Jioni Mama Pacha alirudi, akaangalia, akamwangukia shangazi kifuani huku analia. "Wewe si jirani. Wewe ni dada yangu wa tumbo moja."

Mkaguzi wa bima alikuja Jumatatu, kijana mpole, kalamu mbili mfukoni.

"Gari liliingilia wapi?"

"Si ndiyo hapa!" akasema Mama Pacha.

Mkaguzi akapitisha kidole kwenye kingo. "Hapa pamebomolewa na fundi. Tena fundi mzuri." Akafungua faili. "Dereva anasema aligonga ngazi ya mlango tu. Ukuta alikuta mmeshauvunja, mnapanua chumba."

"Mwongo mkubwa! Tundu si hili hapa?"

"Naliona, mama. Lakini matofali yaliyovunjika yako wapi? Rangi ya gari iko wapi?"

Mama Pacha aligeuka polepole akamtazama shangazi, na shangazi akatazama chini. Picha tulikuwa nazo tele, ila kila moja ukuta ulikuwa umezibwa na kichwa cha mtu anayejipiga picha na ajali. Askari alipoulizwa, akasema kwamba alipofika gari lilikuwa ndani, na ukuta ulikuwa chini; nani aliuangusha, yeye hakuona.

Barua ilikuja baada ya wiki tatu. Mguu walikubali kuutibu, maana mguu una picha zake hospitalini. Ukuta walikataa. Ngazi walikubali. Wakaleta fundi wao, akajenga ngazi mpya ya saruji, akaipaka rangi nyekundu, akaondoka. Sasa unapanda ngazi nzuri kuliko zote mtaani, unaingia kwenye turubai.

Wateja wakakataa kuacha vitambaa vyao nyumba isiyo na ukuta. Bombani Mama Pacha hakujali nani anasikia. "Bi Pangusa, mbona mimi umenibakiza? Njoo unimalizie!" Watoto wakajifunza. Shangazi akipita, wanapiga kelele, "Ficheni nyumba, anakuja!" Watu wazima wale wale walioshika majembe siku ile walicheka mpaka wakashika mbavu. Hakuna aliyesema na yeye alikuwepo. Hata mimi sikusema.

Mvua ilipoanza, shangazi alimfuata Mama Pacha. "Mdogo wangu, hamieni kwangu. Chukueni chumba cha mbele."

"Kwani si wajibu wako?" akajibu Mama Pacha, akaanza kufunga virago.

Mimi na shangazi tukahamia jikoni. Chumba cha mbele kikawa cha kushonea, na wateja wakarudi. Shangazi akitoka kazini anawapigia nguo pasi, anaokota nyuzi, anamsindikiza Baba Pacha chooni na magongo yake.

Juzi mteja mgeni alikuja kupimwa, akamwona shangazi amepiga magoti anaokota pini.

"Na huyu mama ni nani?"

"Huyo?" Mama Pacha hakuinua macho kutoka kwenye futi. "Ananisaidia kazi."

"Ahaa. Basi, dada, niletee maji ya kunywa. Jua kali."

Nilimtazama shangazi, nikingoja aseme nyumba ni ya nani. Aliinuka, akaenda akaleta maji.