Njia ya Maji katika Ua wa Léocadie

Katika miaka yote aliyoishi Goma, Mukantwari, mama wa Laurent na wadogo wake wanne, hakunyimwa raha na kitu kingine kama nyumba ya jirani yake Léocadie. Yake mwenyewe ilikuwa ya miti na udongo, majani juu. Ya Léocadie, mke wa fundi mwashi, ilipanda kwa mawe meusi ya volkano, na mabati yake yalimchoma macho kila asubuhi.

Ruhusa ya kujenga nyumba hiyo ilikuwa na masharti. Paa isiwe ya majani, choo kikae mbali na kuta, na tena ua uachwe wazi ili majirani wapite kwenda kuchota maji ziwani. Wanawake wote walipita hapo, Mukantwari wa kwanza, mtungi kichwani na macho madirishani.

Mwaka wa 1956, wakati wa mavuno, Léocadie akafunga ua ili aanike maharagi. Mukantwari akamwambia mume wake Onésime kwamba sharti limevunjwa, basi ruhusa yote imekufa na nyumba ibomolewe. Onésime akamuuliza tangu lini maharagi yanabomoa nyumba. Mukantwari akajifunga kitenge akaenda kushtaki kwa shefu wa site, mkuu wa mtaa wao, muzee Munyaneza.

Siku ya baraza Léocadie alikuja na mtoto mgongoni, ameikumbatia karatasi ya ruhusa kwa mikono miwili. Nguvu zote za mume wake zilikuwa ndani ya mawe yale. Mukantwari alipoiona mikono hiyo alisikia utamu, kisha akaona haya kidogo, kisha utamu ukarudi.

Muzee alisikiliza pande zote, halafu akamuuliza karani aliyeandika ile ruhusa jambo moja: kama Léocadie angeikataa ile njia tangu mwanzo, je, angenyimwa ruhusa? Karani akasema hapana. Nyumba ilikubaliwa kwa ajili ya kuta, paa na choo.

"Basi, mama Laurent," muzee alimwambia Mukantwari, "ruhusa ya kujenga inachunga nyumba. Haiwezi kunyanganya mutu ua wake na kuupatia watu wote. Sharti ile haikukuwa na nguvu hata siku moja. Tunaikata. Zingine zinabaki, na nyumba inabaki."

"Na maji yetu, muzee?"

"Njia mulikuwa nayo, mama. Ni weye ulituleta tuitazame."

Léocadie akazungushia ua matete. Aliacha mlango mdogo, na asubuhi moja akamwita Mukantwari: "Pita tu, mama Laurent. Weye ni jirani."

Mukantwari alimshukuru, akapita kando. Zamani alipita kwa haki. Kupita kwa huruma ya mwenye mabati, miguu ilikataa. Akazunguka kwa barabara, juu ya mawe makali, mpaka mbele ya nyumba ile. Huko akakuta fundi anapaka chokaa ukuta wa mbele. Ulikuwa mweupe, unapendeza kuliko pande zote alizokuwa akichungulia. Akautua mtungi chini, akautazama ukuta ule sana.